Meli ya Ratiba, Tishari la Kukodi au Boti ya Kujiendeshea: Kundi Lisafirije katika Mito ya Ulaya?

Kundi linapoanza kupanga safari ya meli katika mito ya Ulaya, iwe ni kwaya ya usharika, wanachama wa kikundi cha kuweka akiba au ukoo uliotawanyika kati ya Dar es Salaam, Muscat na Hamburg, mazungumzo huanza na jina la mto. Mmoja anataka Rhine kwa ajili ya makasri yake, mwingine anataka Danube kwa ajili ya Vienna na Budapest. Ubishi huo unaweza kusubiri. Linalotangulia ni aina ya chombo na namna ya kukipata, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua nani atashika ratiba, fedha zitadaiwa lini, na kama bibi mwenye magoti mabovu atashuka nchi kavu au atabaki akichungulia dirishani.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kununua vyumba kadhaa kwa pamoja katika meli kubwa ya mtoni inayosafiri kwa ratiba yake, pamoja na abiria wengine msiowajua. Ya pili ni kukodi tishari zima, yaani chombo cha mizigo cha zamani kilichogeuzwa kuwa hoteli ndogo, likiwa na nahodha na mpishi wake. Ya tatu ni kukodi boti moja au zaidi na kuziendesha wenyewe. Kukodi meli kubwa nzima pia kunawezekana, lakini hilo ni jambo la kundi lenye watu zaidi ya mia moja, nami naliacha pembeni.

Nimezipima njia hizi kwa mambo sita: uwezo wa chombo na maeneo kinakofika, uhuru wa kundi juu ya ratiba, fedha, hali ya wazee na watoto, chakula na ibada, na hali ya maji mtoni. Viza nimeiweka mwisho peke yake, kwa sababu inagusa njia zote tatu na ndiyo inayovunja safari nyingi za makundi yanayotoka Afrika Mashariki.

Vyombo na njia zake

Meli nyingi za Rhine na Danube zina urefu wa mita 110 au 135 na upana wa mita 11.4 hivi. Upana huo haukuchaguliwa na kampuni. Umewekwa na malango ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia vyombo, yenye upana wa mita 12 katika mfereji wa Main-Danube, uliofunguliwa mwaka 1992 na kuiunganisha mito hiyo miwili. Ndiyo maana meli za kampuni mbalimbali hufanana sana kwa umbo, na tofauti hubaki katika huduma na mapambo. Hubeba abiria kati ya 100 na 190. Safari za kawaida za wiki moja ni Amsterdam hadi Basel kwenye Rhine, na Passau hadi Budapest, kwenda na kurudi, kwenye Danube. Katika mto Douro nchini Ureno meli ni fupi zaidi, zenye urefu wa mita 80 hivi, na hazisafiri usiku.

Matishari ya hoteli hupatikana zaidi Ufaransa, hasa Burgundy na kusini. Sheria ya mwaka 1879, iliyopewa jina la waziri Charles de Freycinet, iliweka kipimo cha malango ya mifereji, na chombo cha kupita humo hakizidi mita 38.5 kwa urefu na mita 5 na kidogo kwa upana. Kwa hiyo abiria huwa wachache, aghalabu kati ya 6 na 12, mara chache kufikia 20. Mfereji wa Burgundy una urefu wa kilomita 242 na malango 189, hivyo tishari hupita kipande kidogo tu katika usiku sita wa safari, na anayeendesha baiskeli kandokando ya mfereji hulipita bila kujitahidi. Anayetaka kuhesabu miji mikuu aliyoifika asipoteze muda wake hapa.

Boti za kujiendeshea huchukua hadi watu 12. Nchini Ufaransa boti ya kukodi yenye urefu usiozidi mita 15 haihitaji leseni. Kampuni huwafundisha wapangaji kwa muda mfupi na kuwapa kibali cha kipindi cha kukodi. Mahali panapojulikana zaidi ni Canal du Midi, mfereji wa kilomita 240 kutoka Toulouse hadi wangwa wa Thau karibu na bahari ya Mediterania, uliojengwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa.

Nani anashika ratiba

Katika meli ya ratiba, kundi ni mgeni miongoni mwa wageni. Meli huondoka gatini saa iliyotangazwa, na aliyechelewa madukani Strasbourg ataifuata kwa treni na kwa gharama yake. Ukumbi wa mapumziko ni wa wote, hivyo kwaya inayotaka kuimba jioni inapaswa kuomba nafasi mapema na kupata jibu kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa meza za chakula: abiria hukaa popote wanapopenda, na kundi lisiloomba meza za jirani litajikuta limetawanyika ukumbi mzima. Kwa upande mwingine, kiongozi wa kundi hupumzika kweli. Watu 30 wanalishwa, wanaongozwa mjini na kuhesabiwa wakirudi, bila yeye kubeba daftari. Tena, waliochokana wanaweza kukaa mbalimbali. Faida hii haitajwi katika vipeperushi, lakini ndugu waliowahi kukaa nyumba moja wiki nzima wakati wa harusi wanaijua thamani yake.

Katika tishari, nahodha huwasikiliza. Mkitaka kuchelewa kuondoka, kubadilisha matembezi au kula usiku, inawezekana, mradi saa za kufunguliwa kwa malango zinaruhusu. Faragha ni kamili: hakuna mgeni wa kuulizia kwa nini mnacheka hadi usiku wa manane. Kinachokosekana ni mahali pa kujificha. Sebule ni moja na meza ni moja, na ugomvi wa Jumatatu hulala mezani hadi Jumamosi.

Boti ya kujiendeshea huwapa uhuru wote na kazi yote. Mtu mmoja hushika usukani, wengine wawili hushughulikia kamba kwenye kila lango, na mwingine hupika. Malango hufungwa usiku, na mengi husimama pia wakati wa chakula cha mchana, kwa hiyo uhuru huo una kuta zake. Kundi linalohitaji boti mbili au tatu lijue kwamba litaongozwa na manahodha wawili au watatu wasiolipwa. Waamuliwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Fedha na tarehe za malipo

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa, na ningemshauri mweka hazina alisome jambo hili kabla ya mtu yeyote kupenda picha.

Meli ya ratiba huuzwa kwa kichwa, kwa msingi wa watu wawili katika chumba kimoja. Vyumba vya sitaha ya chini vina madirisha madogo yasiyofunguka, karibu na usawa wa maji, na ni nafuu. Vya juu vina milango ya kioo inayofunguka. Tofauti hiyo ni neema kwa kundi lenye mifuko isiyolingana, kwa sababu mjomba mwenye biashara na mpwa aliyeanza kazi juzi hulala sitaha tofauti lakini hula chakula kilekile na kuona mto uleule. Asiye na mwenzi hutozwa nyongeza ya chumba cha mtu mmoja, na vyumba vya watu watatu ni vichache sana. Kampuni nyingi hutoa punguzo kundi linapofikia idadi fulani ya vyumba, na baadhi humpa kiongozi nafasi ya bure. Ulizeni masharti hayo kabla ya kutangaza bei kwa wanachama. Malipo ya awali hutolewa wakati wa kuweka nafasi, na salio hudaiwa kwa kawaida miezi mitatu au minne kabla ya safari. Juu ya bei huja bakshishi, ambayo kampuni nyingi hupendekeza iwe kati ya euro 10 na 15 kwa mtu kwa siku, pamoja na vinywaji na baadhi ya matembezi. Muhimu kuliko yote ni kwamba kila mtu anaweza kulipa mwenyewe, na aliyejitoa hajawaumiza waliobaki, ilimradi idadi ya vyumba vya punguzo haikuvunjika.

Tishari lina bei moja ya chombo kizima. Waje wanane au waje sita, deni ni lilelile, na pengo la waliojitoa huzibwa na waliobaki. Kwa hesabu ya kichwa kwa usiku, hii ndiyo njia ghali zaidi kati ya tatu. Hata hivyo bei hiyo kwa kawaida imebeba karibu kila kitu, pamoja na milo, vinywaji, baiskeli na gari dogo la matembezi, hivyo hakuna mtu anayetoa pochi kila jioni. Kundi linalochangishana lisitie saini mkataba wa tishari kabla michango yote haijaingia. Ahadi zilizotolewa katika kundi la WhatsApp hazijawahi kulipa salio.

Boti hukodiwa kwa wiki, na bei yake hupanda sana Julai na Agosti. Ongezeni amana ya uharibifu, mafuta yanayohesabiwa kwa saa za injini, chakula na ada za kufunga boti katika baadhi ya bandari. Boti ikijaa na wenyewe mkipika, mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Ikienda nusu tupu na mkila mikahawani kila siku, unafuu huo huyeyuka.

Wazee na watoto

Meli kubwa huonekana rafiki kwa wazee, na kwa sehemu ni kweli: nyingi zina lifti, chumba kiko hatua chache kutoka mezani, na sanduku hufunguliwa mara moja tu kwa wiki nzima. Lakini lifti mara nyingi haifiki sitaha ya chini kabisa wala ile ya juani, kwa hiyo kile chumba cha bei nafuu kinaweza kuwa kibaya kwa anayetumia mkongojo. Pia gati likijaa, meli hufungwa ubavu kwa ubavu, na abiria hupita ndani ya meli ya jirani, pengine kwa kupanda ngazi na kushuka tena, ili wafike nchi kavu. Mitaa ya zamani ya miji mingi imetandikwa mawe. Kuhusu watoto, meli hizi hazikujengwa kwa ajili yao. Kampuni ya Viking, kwa mfano, haipokei abiria walio chini ya umri wa miaka 18. Kampuni nyingine huwapokea, lakini wengi wao watakuwa peke yao miongoni mwa wastaafu.

Tishari lina ngazi zenye mwinuko mkali kushuka vyumbani, na kwa kawaida halina lifti. Anayeziweza ngazi hizo, hata kwa taratibu, atafurahia kila kitu kingine, kwani matembezi ni mafupi na gari dogo linamsubiri. Watoto wakubwa kidogo hulipenda kwa sababu ya baiskeli.

Boti ni mahali pa vijana na wazazi wenye nguvu. Kuruka ukingoni na kamba si kazi ya mtu wa miaka 70, ingawa anaweza kukaa sitahani akitoa amri. Watoto wavae majaketi ya kuokolea maisha wakati wote wakiwa nje, hata pale maji yanapoonekana kama ya kisima.

Chakula na ibada

Meli ya ratiba hupika chakula cha Ulaya ya kati chenye chaguo kadhaa, zikiwamo za samaki na mboga. Nyama halali haipatikani kwa desturi. Iombwe miezi kadhaa kabla, na jibu la kampuni lisomwe kwa makini, kwa maana kuondoa nyama ya nguruwe katika sahani ni jambo tofauti na kuleta nyama iliyochinjwa kwa sheria. Mpishi wa tishari hununua sokoni kila baada ya siku chache kwa ajili ya watu wachache, hivyo ni rahisi zaidi kukubaliana naye. Katika boti mnapika wenyewe, na mchele na viungo vinaweza kusafiri sandukuni.

Douro na Burgundy ni nchi za mvinyo, na matembezi mengi huishia katika maghala yake. Eneo la mvinyo la Douro liliwekewa mipaka rasmi mwaka 1756, na kuliondoa katika ratiba ni kuondoa nusu ya safari. Kundi lisilokunywa litapata mengi zaidi ya kutazama kwenye Rhine au Danube: kanisa kuu la Cologne lililoanzwa 1248 na kukamilika 1880, abasia ya Melk na bonde la Wachau nchini Austria. Kwa makundi ya makanisa, majuma ya masoko ya Krismasi kuanzia mwishoni mwa Novemba yana mvuto wake, kwa anayeistahimili baridi. Kwa Waislamu, msimu mkuu huanza mwishoni mwa Machi, na katika mwaka 2027 Ramadhani itakuwa imekwisha kabla ya hapo. Anayeswali chumbani akumbuke tu kwamba meli hugeuka pamoja na mto, na kibla alichokipata alfajiri si lazima kiwe kilekile adhuhuri.

Maji yanapopungua au kufurika

Rhine hushuka hasa mwishoni mwa kiangazi na katika vuli. Mwezi Oktoba 2018 kipimo cha maji cha mji wa Kaub, Ujerumani, kinachotazamwa na manahodha wote wa eneo hilo, kilisoma sentimita 25 tu. Hicho si kina cha mto, lakini ni ishara ya kwamba njia ya meli imekuwa finyu mno. Kwenye Danube sehemu inayojulikana zaidi kwa matatizo ya kina ni Straubing hadi Vilshofen huko Bavaria, na safari inayoanzia Passau imeshaipita. Mafuriko nayo huifunga mito, kama yalivyofanya Austria mwezi Septemba 2024. Meli inapokwama, kampuni huwahamisha abiria kwa basi hadi meli nyingine iliyo upande wa pili, au huigeuza meli kuwa hoteli iliyofungwa gatini. Kwa watu wawili hiyo ni hadithi ya kusimulia. Kwa watu 30 na masanduku yao ni siku nzima iliyopotea. Douro, ambao maji yake yanashikiliwa na mabwawa matano, hauna shaka hiyo ya kupungua, ingawa joto la Julai na Agosti hukaribia nyuzi 40.

Mifereji hutegemea mabwawa ya akiba, na ukame umewahi kufunga vipande vya mfereji wa Burgundy. Tofauti ni kwamba tishari au boti huweza kuhamishiwa kipande kingine bila safari kupoteza maana yake, kwa kuwa hamkuwa mnakimbilia mji wowote. Mei na Juni ni miezi ninayoipendekeza kwa njia zote tatu.

Viza

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanahitaji viza ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ombi hupelekwa kwa nchi ambayo mtalala usiku mwingi zaidi. Usiku ukilingana, ni nchi ya kuingilia kwanza. Kwa tishari au boti za Ufaransa, jibu ni Ufaransa bila mjadala. Kwa Danube kati ya Passau na Budapest mara nyingi ni Austria, na kwa Rhine mara nyingi ni Ujerumani, lakini siku tatu za kutembelea Amsterdam kabla ya kupanda meli zinaweza kuigeuza hesabu kuwa ya Uholanzi. Kundi zima litumie hesabu moja. Safari za Danube ya chini hupita Serbia, ambayo haimo katika Schengen, hivyo zinahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi. Bima ya matibabu inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000, lakini bima hiyo haifidii safari iliyofutwa. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, nalo dirisha hilo hutangulia tarehe ya salio la meli. Itumieni nafasi hiyo: pelekeni maombi mara dirisha linapofunguka, ili majibu yaje kabla ya salio kulipwa. Safari ya kifurushi iliyonunuliwa kwa muuzaji wa Umoja wa Ulaya ina kinga nyingine, kwani sheria inamruhusu aliyenyimwa viza kumwachia mtu mwingine nafasi yake hadi siku saba kabla ya kuondoka, kwa kulipia gharama halisi za mabadiliko. Boti iliyokodiwa peke yake haimo katika kinga hiyo.

Kwa hali yenu

Kundi la watu 20 hadi 40 lenye mifuko tofauti, wazee kadhaa na kiongozi anayejitolea linahudumiwa vizuri zaidi na meli ya ratiba, kwenye Danube ikiwa hofu yenu ni maji kupungua, kwenye Rhine ikiwa wengi wanaishi Ujerumani au Uholanzi na wanaweza kufika kwa treni. Wazee wawekwe sitaha inayofikiwa na lifti, hata kama wengine watachangia tofauti ya bei.

Familia ya watu wanane hadi kumi inayosherehekea miaka 50 ya ndoa, yenye uwezo na isiyotaka kuwagawia wageni sherehe yake, itafute tishari, baada ya kumuuliza kila mzee kuhusu ngazi na kumkusanyia mweka hazina fedha zote mkononi.

Binamu na marafiki wenye umri wa miaka 25 hadi 45, wenye watoto wanaoweza kuogelea na bajeti ndogo, wachukue boti. Kama mna pasipoti za Uingereza au vibali vya kuishi Ulaya, mnaweza kuamua hata miezi michache kabla, nje ya Julai na Agosti.

Kundi ambalo nusu yake inatoka Afrika Mashariki na nusu iko Ulaya lianze na meli ya ratiba, kwa sababu ya tarehe za viza na salio, na kwa sababu anayejitoa anaweza kumwachia mwingine nafasi yake. Na kundi ambalo bado halijui nani atakuja kweli lisikodi chombo chochote kwa sasa; liombe kampuni iwashikie vyumba kwa muda bila malipo, jambo ambalo nyingi hulikubali, na kumpa kila mwanachama tarehe moja ya mwisho ya kuleta amana.